Toba Waliyomtaka Mama

Mama yangu ni Mlutheri wa kuzaliwa, wa kubatizwa, wa kipaimara, na wa kubisha. Baba yangu ni Mwislamu, mtu wa asili ya Kondoa, mchinjaji aliyekuwa na bucha pale Levolosi, mjini, mpaka miguu ilipomkatalia kusimama. Walioana bomani wakiwa vijana, kila mmoja akabaki na dini yake, na kwa kosa hilo kanisa la kwao mama, huku Akheri mlimani, likamtenga. Kutengwa, kwa asiyejua, si kufukuzwa. Unakuja ibadani kama kawaida, unaimba, unatoa sadaka, unafagia kanisa zamu yako ikifika. Ila Meza ya Bwana ikiandaliwa, wewe huendi. Ukitaka kwenda, njia ni moja: usimame mbele ya usharika wote, utubu dhambi yako kwa mdomo wako, ndipo mchungaji akurudishe kundini.

Mama hakusimama. Alikataa kabla sijazaliwa, akakataa nikiwa mgongoni, akakataa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Wachungaji walikuja na kuhamishwa, na kila mmoja alifika nyumbani, akanywa chai, akasema maneno yale yale: mama, ni jambo la dakika tano, sema umekosea, yaishe. Mama aliwajibu kwa upole ambao mimi sikuurithi. "Mchungaji, nimekosea wapi? Nionyeshe, nitubu." Chai ikiisha, mchungaji anaaga.

Utotoni tulikuwa tunapanda kutoka Levolosi kila Jumapili, mimi na yeye, tunakaa benchi la nyuma. Wakati wa kushiriki watu huinuka safu kwa safu kwenda madhabahuni, na mama alilazimika kugeuza magoti pembeni ili majirani wa benchi wapite. Wanapita wakienda, wanapita wakirudi. "Samahani, mama." "Pita, mwanangu." Wengine walikuwa wasichana waliopata kipaimara juzi, hawajui hata kutafuta kitabu cha Ruthu bila kupekua Biblia nzima, nao wanamruka mama yangu kama kizingiti cha mlango. Nilikuwa naumia. Chakula cha mchana siku hiyo sikukitaka.

Na kuna jambo linanichemsha mpaka leo. Huku kwetu sherehe yoyote inayojiheshimu, hata ya kanisa, mnyama huchinjwa na Mwislamu, ili jirani yeyote akialikwa ale bila wasiwasi. Sasa usharika ukiwa na kipaimara, au ukimpokea mgeni mkubwa, wazee walimwita nani? Baba yangu. Anafika na visu vyake amevifunga kwenye gunia safi, anachinja nyuma ya kanisa, anataja jina la Mungu juu ya kila shingo, na wazee wanakula mpaka wanalamba vidole. Sikukuu ya mavuno ikifika, mama analeta mkungu wa mshare, ile ndizi yetu ya kupika. Mkungu unawekwa mbele ya madhabahu, unaombewa, halafu unanadiwa nje baada ya ibada. Mnunuzi alikuwa baba, kila mwaka. Alipandisha bei mpaka watu wakacheka, kisha akaubeba begani kuurudisha kwa aliyeuleta. Kwa hiyo kisu cha baba kilikuwa safi, ndizi za mama zilikuwa safi, ila wao wawili kuwa chini ya paa moja ndiyo dhambi. Hebu niambie.

Walipozeeka walihamia huku Akheri, kwenye kipande cha migomba na kahawa alichorithi mama, nami nikajenga jirani nao. Asubuhi nashuka mjini dukani kwangu, nauza mbegu na dawa za mimea, jioni napanda. Miaka michache iliyopita watu wa jumuiya yetu, yaani zile kaya za jirani tunaosali pamoja kila wiki, walinichagua kuwa mzee wa kanisa. Nadhani walinichagua kwa mdomo wangu, maana utakatifu haukuwahi kuwa sifa yangu. Mama alipopata habari alicheka mpaka akajishika ubavu. "Mzee wa kanisa, na mama yako ametengwa. Utakuja kunionya kwa shikamoo au bila shikamoo?"

Mwaka jana tezi la shingo ambalo mama amelibeba tangu ujana lilianza kumbana pumzi. Daktari akasema likatwe, akampangia siku. Nisikutie hofu: operesheni ilipita salama, na jana tu amenigombeza kwa kununua nyanya sokoni wakati zipo shambani. Lakini wakati ule hatukujua. Jioni moja tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, akasema bila kuniangalia, "Nataka nishiriki kabla hawajanikata. Nisipoamka, niwe nimekula."

Kisu kilinisimama mkononi. Maisha yangu yote nilimsikia akisema hatubu. Sikuwahi kumsikia akisema anataka. Nilidhani amezoea. Kumbe njaa ilikuwepo siku zote, na alikuwa anakaa nayo pale nyuma akiimba sauti ya pili. Nikamuuliza kama basi yuko tayari kusimama mbele ya watu. Akaniangalia. "Nikaseme nini? Kwamba niliiba?" Akaendelea kumenya.

Jumapili ya kushiriki iliyokuwa imebaki kabla ya operesheni ilikuwa moja tu. Nikaanza kuisoma Biblia kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea ndani ya nyumba. Naisoma dukani, naisoma chooni, naisoma wali ukiungua. Ndipo nikafika mahali Mtume anapowaandikia Wakorintho kwamba mwanamke mwenye mume asiyeamini, mume huyo akikubali kukaa naye, asimwache. Tena mume huyo ametakaswa kwa ajili ya mkewe. Nilipiga kaunta kwa kiganja. Mteja aliyekuja kununua mbegu za karoti akarudi nyuma hatua. Nikamwambia samahani, mama yangu ameshinda kesi.

Hakuwa ameshinda. Kikao cha wazee hukaa Jumamosi asubuhi kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Mchungaji wetu ni kijana, mpole, mgeni hapa, na alikuwa bado anawapima wazee kwa macho. Anayesikilizwa ni kiongozi wa wazee, binamu yake mama, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hata mimi kipaimara. Namwita mjomba. Ni mtu wa haki, na ugumu wake ulitoka hapo hapo kwenye haki. Nikasoma maneno ya Mtume kwa sauti ya ushindi, nikafunga Biblia, nikakaa.

Mjomba akatikisa kichwa taratibu. "Umesoma vizuri. Lakini Mtume alikuwa anawaandikia watu gani? Waliokuwa wameoana tayari, kisha mmoja akaamini na mwenzake bado. Hao imani iliwakuta ndani ya ndoa. Dada yangu alikuwa na kipaimara chake, akaenda bomani akiona. Na Mtume huyo huyo, barua ya pili, anakataza kufungwa nira na wasioamini. Hilo unalisemaje?"

Nilikwama. Alikuwa na hoja, na mimi nilikuwa nimepanda ngazi bila kuangalia kama imeegemea ukuta. Hoja iliponiishia nikaingiza hasira. Nikawakumbusha mbuzi, nikawakumbusha ng'ombe, nikawakumbusha mikungu ya mshare, nikauliza kama kitoweo hicho kilipita koo gani. Mama mmoja mzee wa kanisa akainamisha uso. Mjomba akanisubiri nimalize. "Mwanangu, hakuna anayemchukia mama yako, wala shemeji. Ila hapa tunaongelea toba. Aje atubu, tumpokee kwa vigelegele." Mchungaji akasema tuombe, tuahirishe hadi Jumamosi inayofuata, ndiyo siku moja kabla ya kushiriki. Nikaombewa huku nimekunja ngumi chini ya meza.

Nilipita kwa wazazi nikiwa bado nachemka. Mama alikuwa shambani. Baba alikuwa uani, ametoka kuswali adhuhuri, anajianika kwenye jua kidogo lililopenya mawingu ya mlimani. Hakuwahi kuingilia mambo ya kanisa la mkewe. Mtu akimwuliza, alikuwa akisema, "Huko ni kwao, mimi nipo kwa kuchinja." Lakini siku hiyo nilimmwagia yote, kuanzia Wakorintho mpaka ngumi zangu. Alisikiliza akichokonoa meno na kijiti.

"Hiyo toba wanayoitaka," akasema, "mama yako akishatubu, anarudi wapi?"

"Nyumbani."

"Hapa? Kwangu?"

"Kwako, baba."

"Na wao wanajua hivyo?"

"Wanajua."

Akakitupa kijiti. "Kwetu toba ina masharti. Unajuta, unaliacha lile jambo, na unaazimia hutalirudia. Mtu akitubu asubuhi na jioni yumo mle mle, huyo amemfanyia Mungu mzaha. Nyinyi mnayo toba ya kutubu huku unaendelea?"

"Hatuna."

"Basi wanataka aniache."

"Hapana. Hakuna hata mmoja anayetaka hivyo, na Mtume amekataza."

"Basi wanataka adanganye," akasema baba. Aliyasema bila chuki, kama anavyomwambia mteja uzito wa nyama.

Nilinyanyuka nikazunguka nyumba nzima nikicheka peke yangu. Wachungaji wote wale, chai yote ile, na hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo, mimi nikiwemo. Niliporudi baba alikuwa ananikunjia uso. "Usiende kusema nimesema mimi. Watasema Mwislamu anafundisha kanisa." Nikamwahidi sitasema isipolazimu.

Jumamosi ilipofika niliingia kikaoni na shikamoo zangu zote mahali pake. Hasira niliiacha dukani. Zamu yangu ilipofika sikufungua hata Biblia.

"Nina swali," nikasema. "Mama akisimama kesho akasema mbele ya watu kwamba anatubu kuolewa na mume wake, keshokutwa asubuhi mnataka aamkie nyumba gani?"

Yule mama mzee wa kanisa ndiye aliyejibu. "Kwake. Aamkie wapi tena?"

"Na nani?"

"Na mumewe."

"Mjomba, wewe ndiye ulinifundisha. Toba ni nini?"

Alijua ninakompeleka, lakini mwalimu akiulizwa somo lake hawezi kunyamaza. "Ni kugeuka. Kuiacha njia uliyokuwa unaiendea."

"Sasa ageuke aende wapi? Mkimwambia amwache mume, mmevunja neno la Mtume. Mkimwambia atubu na abaki, mmemwambia aseme uongo mbele ya madhabahu. Mama yangu amekaa nje ya Meza ya Bwana miaka yote hii kwa sababu amekataa kumdanganya Mungu. Na sisi ndio tunaomsukuma."

Mjomba alikunja mikono kifuani, akafikiri. Namheshimu kwa hilo, hakukimbilia ubishi. "Inawezekana," akasema, "mtu akatubu namna alivyoanza, bila kukiacha alicho nacho. Alianza kwa kuwavunja moyo wazazi wake. Mimi nilikuwepo. Baba yake hakula siku hiyo."

Hilo nalo lilikuwa na uzito, na nililisikia. Lakini safari hii nilikuwa nimesimama kwenye ardhi ngumu. "Sawa, mjomba. Basi nikuulize. Kila Jumapili mwanzo wa ibada tunaungama wote kwa pamoja, dhambi tunazozijua na tusizozijua, kisha mchungaji anatutangazia msamaha. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Mama yumo?"

"Yumo."

"Hajawahi kuchelewa hata ungamo moja, na humu ndani tunajuana kwa kuchelewa." Hapo mzee mmoja akakohoa. "Sasa ule msamaha, ukitoka madhabahuni, ukifika benchi la nyuma unaishiwa nguvu? Namna alivyoanza, kama ni dhambi, imesamehewa kabla mimi sijajua kusoma. Kama haijasamehewa, basi na zetu bado, na kesho tusiende mezani hata mmoja wetu."

Nikakaa. Mchungaji kijana, ambaye vikao vyote vile alikuwa akiandika na kuitikia tu, akaweka kalamu chini. Akasema nyumbani kwa mama amekunywa chai na kumwomba atubu, na aliporudi kwake usiku alijiuliza, mama huyu akinitii na kumwacha mzee wake, nitafurahi? "Nitaona aibu," akasema. "Siwezi kumdai mtu atubu jambo ambalo akiliacha nitamlaumu." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini aliimaliza sentensi.

Mjomba akanigeukia. "Hilo swali la kuamkia wapi. Umelisoma wapi?"

Ningeweza kusema nimeliota. Lakini nilikuwa nimetoka kuwahubiria habari za uongo mbele ya Mungu. "Ni la baba," nikasema.

"Shemeji?"

"Ndiyo, mjomba."

Akaangalia dari. Nikajiandaa kwa dhoruba. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikachelewa kuelewa kwamba anacheka. "Ametuchinjia miaka yote," akasema, akijifuta macho, "leo katuchinja sisi." Chumba kizima kikaangua kicheko, na yule mama mzee wa kanisa akanishika mkono. Mchungaji akaomba walio tayari mama ashiriki kesho, bila kusimamishwa na bila kuulizwa, wanyooshe mikono. Wa mjomba ulipanda wa mwisho, polepole, lakini ulipanda mpaka juu.

Mchana walikuja nyumbani, yeye na mchungaji. Mama akawapa chai, akakaa, akangoja. Mchungaji akamweleza uamuzi wa wazee, kisha akasema, kwa furaha ya mtu anayeleta zawadi, kwamba kesho atautangazia usharika kuwa mama amerudi kundini.

"Usitangaze hivyo," mama akasema.

Chai ikanipalia. Nilitaka kumfinya.

"Nimerudi kutoka wapi?" akaendelea. "Mimi sikwenda mahali. Nilikuwa pale pale, mnaniona. Sema nitashiriki, basi. Au usiseme kitu, nitakuja mwenyewe, njia naijua."

"Dada," mjomba akasema, "na wewe hutosheki?" Lakini alisema akitabasamu. Mchungaji akakubali kutotangaza kitu. Mjomba alipoaga akampa baba mkono, akaushikilia. "Shemeji, umetushinda." Baba akanitupia jicho lile la bucha, la mtu aliyekuta mzani umechezewa. Nikamwambia, "Niliulizwa, baba."

Jumapili kanisa lilijaa, na habari zilikuwa zimeshatembea kijiji kizima, kwa hiyo kutotangaza kulikuwa heshima tu. Mama alivaa kitenge kipya na mtandio wa kufunika tezi. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukusanya vikombe vidogo vilivyokwisha kunywewa, kwa hiyo nilisimama pembeni mwa madhabahu na trei mkononi, nikamwona anakuja. Hakuharakisha. Alitembea katikati ya kanisa kama mtu anayekwenda kwenye shamba lake mwenyewe, akapiga magoti akishikilia ukingo, akafumba macho.

Mchungaji akampa mkate. Kwa sababu ya tezi, kumeza kulikuwa kazi. Alitafuna kidogo kidogo, akanyoosha shingo, akasubiri, akajaribu tena. Safu nzima iliyokuwa imepiga magoti ikamsubiri. Kwaya ilimaliza ubeti na kuanza mwingine. Mchungaji alisimama mbele yake na kikombe, hakusogea, hakuangalia waliokuwa bado kwenye foleni. Mkate uliposhuka, mama akafumbua macho, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, makamasi na yote, na vikombe vinagongana kwenye trei. Sikuona aibu na sioni hata sasa. Tulikuwa tumeshinda, na tulishinda bila yeye kusema neno moja asiloliamini.

Nje, baba alikuwa ameegemea fimbo karibu na geti, amevaa kanzu yake ya Idi. Nilidhani amefika wakati wa kutoka. Watoto wakaniambia alikuwepo tangu wimbo wa kwanza. Mama akaenda moja kwa moja kwake, na wazee wa kanisa, mjomba akiwa mbele, wakasimama jirani wakisubiri kumpa mkono.

"Wamekupa?" baba akauliza.

"Wamenipa."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Baba akaiegemeza fimbo kwenye geti, akainua viganja, akasema kwa sauti ambayo wote pale waliisikia, "Alhamdulillahi."

Na mjomba, kabla hajajua anasema nini, akaitikia, "Amina."